Shiba Asubuhi, Jioni Upunguze



Juma hili nataka tuzungumze habari ya sahani ya asubuhi. Kuna neno linalotembea siku hizi toka mlango hata mlango, sokoni, katika mazoezi ya kwaya na katika simu za mkononi, nalo ni hili: ukitaka kupunguza mwili, kula sana asubuhi. Wengine wamelipokea kwa furaha, maana ni nani asiyependa dawa inayoliwa kwa chapati? Wengine wamelikataa kabisa, nao hunywa chai tupu mpaka saa saba mchana, wakidhani kwamba njaa itawakondesha. Pande zote mbili wamesikia nusu ya habari. Leo tuitafute nusu ya pili, maana humo ndimo faida ilimo.

Labda utasema, "Habari ya unene ni ya watu wa mjini wenye fedha, sisi yatuhusu nini?" Sikiliza. Wazee wetu walipomwona mtu mnene walisema amenawiri, na hawakukosea sana. Siku zile watu walilima, walitwanga, walibeba maji na kuni, na safari ya maili kumi ilikwenda kwa miguu. Aliyekuwa na mwili mnene alikuwa na shamba zuri na moyo mtulivu. Siku hizi unga twasagiwa mashineni, safari twapanda bodaboda, na mafuta ya kupikia yauzwa hata kwa kipimo cha kibaba kwenye genge la jirani. Hesabu za serikali ya Tanzania juu ya afya ya nyumba kwa nyumba zaonyesha kwamba mwaka 2010, katika kila wanawake 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49, 22 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Mwaka 2015/16 wakawa 28. Mwaka 2022 wakawa 36. Yaani katika miaka 12 tu tumetoka karibu mmoja katika watano, tukafika zaidi ya mmoja katika watatu. Hao si watu wa mbali. Ni mama zetu, dada zetu na wake zetu.

Tena unene wa kupita kiasi hauji peke yake. Huja na ndugu zake: presha, ugonjwa wa sukari, maradhi ya moyo, na magoti yanayolia kila unapopiga magoti kanisani. Ukitaka kujua habari yako mwenyewe, azima utepe wa fundi cherehani, ujipime kiuno usawa wa juu kidogo ya kitovu, bila kuvuta tumbo ndani. Shirika la Afya la Ulimwengu lahesabu kwamba mwanamke akizidi sentimeta 80, na mwanamume akizidi sentimeta 94, hatari imekwisha kuanza. Utepe hausemi uongo wala haupendelei mtu.

Sasa nikupe mifano miwili.

Katika jumuiya yetu yupo mama mmoja, jina lake nalihifadhi, aliyeambiwa na muuguzi wa zahanati, "Mama, presha yako inapanda. Jitahidi upunguze mwili." Yeye ni mtu mtii. Tangu siku ile akaacha kula asubuhi. Aliamka saa kumi na moja, akafagia uwanja, akawapikia watoto uji, na yeye mwenyewe akanywa chai ya rangi vikombe viwili, kila kikombe vijiko vitatu vya sukari, akaenda gengeni kuuza mboga. Saa nne tumbo likaanza kulalamika. Akanunua andazi moja la kudanganyia tumbo, kisha la pili. Mchana wateja walikuwa wengi, akatafuna karanga. Saa tatu usiku, watoto wamekwisha kula, ndipo alipokaa jikoni mbele ya chakula. Hapo methali ya wazee ikatimia: mwenye njaa hana miiko. Alikula ugali wa watu wawili, akamalizia na masazo ya watoto kwa kuwa aliona ni dhambi kumwaga chakula, akaenda kulala. Baada ya miezi miwili mizani ya zahanati ikasoma kilo zile zile. Mama wa watu akalia, akadhani mwili wake umerogwa.

Hakurogwa. Chakula alichokiacha asubuhi kilimngojea jikoni mpaka usiku, nacho kilikuwa kimeongezeka.

Mfano wa pili ni wa baba mmoja, fundi wa kushona, ambaye kazi yake ni kukaa kutwa. Aliposikia kwamba kula asubuhi kunaondoa kitambi alishukuru Mungu kwa sauti. Tangu hapo kila asubuhi supu ya ng'ombe, chapati tatu na chai ya maziwa. Mchana wali kama kawaida, na usiku ugali na nyama kama kawaida. Kufika Pasaka, suruali aliyojishonea kwa mikono yake mwenyewe ikakataa kufunga. Akanijia kwa hasira, "Karani, hiyo elimu yenu ni ya uongo!" Nikamwuliza, "Fundi, na jioni ulipunguza nini?" Akanitazama kama mtu ambaye hakusikia vema. "Kupunguza? Mbona hawakusema kupunguza!"

Naam, hiyo ndiyo nusu ya pili.

Neno hili la kula sana asubuhi halikuzuka hivi hivi. Mwaka 2013 bibi daktari mmoja wa nchi ya Israeli, Daniela Jakubowicz, pamoja na wenzake, walitangaza matokeo ya utafiti wao. Waliwachukua wanawake 93 wenye miili minene, wakawagawa makundi mawili. Kila mwanamke alipangiwa chakula chenye kalori 1,400 kwa siku. Kalori ni kipimo cha nguvu iliyomo katika chakula, kama vile lita ni kipimo cha mafuta ya taa. Kundi la kwanza lilikula kalori 700 asubuhi, 500 mchana na 200 tu usiku. Kundi la pili liligeuza: 200 asubuhi, 500 mchana na 700 usiku. Baada ya majuma 12, wale wa asubuhi kubwa walikuwa wamepungua kilo 8.7 kwa wastani, na wale wa jioni kubwa kilo 3.6.

Kutoka hapo habari ikakimbia duniani: kula sana asubuhi! Lakini ilipokuwa ikikimbia iliangusha njiani kipande kimoja, nacho ni zile kalori 200 za usiku. Je, kalori 200 ni kitu gani? Unga wa mahindi gramu 100 una kalori kama 360. Kwa hiyo kalori 200 ni kipande cha ugali kama ngumi ya mtoto, kisicho na mboga. Wanawake wale walikula asubuhi wakashiba, lakini usiku waliondoka mezani mapema sana. Fundi wetu aliipokea asubuhi yao, akaiacha jioni yao.

Wengine nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2022 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Aberdeen, huko Uskoti, walitangaza habari ya watu 30 ambao kwa majuma manne walikula sehemu kubwa ya chakula chao asubuhi, na kwa majuma manne mengine walikula sehemu kubwa jioni. Chakula kilipimwa na kutolewa na wataalamu wenyewe, na jumla yake ilikuwa ile ile. Matokeo yake? Walipungua sawasawa, kilo tatu na kidogo, mara zote mbili. Lakini kulikuwa na tofauti moja: walipokula zaidi asubuhi, njaa haikuwasumbua sana kama walipokula zaidi jioni. Shika neno hilo, tutalirudia.

Mwaka 2019 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Monash, mjini Melbourne, Australia, walikusanya tafiti 13 wakazipima pamoja. Waliona kwamba watu waliokula asubuhi walipata kwa siku nzima kalori kama 260 zaidi kuliko wale wasiokula, na wale wasiokula walikuwa wepesi kwa karibu nusu kilo. Wenyewe walionya kwamba nyingi za tafiti hizo zilikuwa za muda mfupi na hazikufanywa kwa uangalifu wa kutosha. Hata hivyo fundisho lake ni wazi: kula asubuhi peke yake, pasipo kupunguza mahali pengine, hakumkondeshi mtu. Na huko Bath, Uingereza, utafiti uliotangazwa mwaka 2014 uliwafuata watu wembamba kwa majuma sita. Waliokula asubuhi na waliofunga mpaka adhuhuri hawakutofautiana uzito, ila waliokula walijishughulisha na kutembea zaidi saa za asubuhi.

Sasa tuziweke habari hizi pamoja. Kazi yangu ni kuandika vitabu vya parokia, nami najua kwamba shilingi ikihamishwa kutoka ukurasa wa sadaka kwenda ukurasa wa ujenzi, fedha ya parokia haikuongezeka wala haikupungua. Chakula ni vivyo hivyo. Mwili hujumlisha siku nzima, na haba na haba hujaza kibaba. Asubuhi haina uchawi. Lakini asubuhi ina msaada mmoja mkubwa: mtu aliyeshiba vema asubuhi huweza kuishinda jioni. Aliyekaa na njaa kutwa hawezi, hata akiwa mtakatifu. Tena mwili hupokea sukari ya chakula vizuri zaidi asubuhi kuliko usiku, jambo linalomfaa hasa mtu ambaye sukari yake imeanza kupanda.

Basi neno kamili ni hili: hamisha chakula, usikiongeze. Kitoe jioni, ukiweke asubuhi. Asiyehamisha bali akaongeza, atanenepa kama fundi wetu. Na aliyeondoa asubuhi bila kuilinda jioni, atabaki kama mama yule wa gengeni.

Je, sahani ya asubuhi iwe na nini? Hapa wengi huanguka. Chai yenye sukari nyingi na maandazi mawili hujaza tumbo kwa muda mfupi tu, na kabla ya saa nne njaa imerudi na wenzake. Ngano nyeupe na sukari huisha upesi tumboni. Tena kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori kama 120, na andazi na chapati huyanywa mafuta kama sifongo. Chakula kinachokaa na mtu ni kile chenye kujenga mwili, kama maharage, kunde, choroko, yai, maziwa, dagaa; na chenye makapi, kama dona, ulezi, mboga za majani na matunda.

Utasema, "Karani, hizo ni gharama, na nani atachemsha maharage saa kumi na moja alfajiri?" Jibu lake lilikuwamo nyumbani mwetu siku zote, nalo ni kiporo. Bibi zetu hawakuwa na mkate wa dukani. Waliamka wakala kiporo, kisha wakashika jembe. Basi pika jioni kama desturi yako, lakini kabla hujapakua, toa fungu lako la asubuhi uliweke kando. Maharage na viazi vitamu, kunde na muhogo, magimbi na samaki. Ukitoa fungu hilo mapema, umefanya mambo mawili kwa mkono mmoja: umepunguza jioni, umeandaa asubuhi. Ukingoja mpaka mmekwisha kula, hutakuta kitu sufuriani.

Lakini kiporo kina sheria zake. Kisikae nje usiku kucha katika joto. Mwenye friji akiweke humo mara kinapopoa. Asiye na friji apendelee viazi au muhogo uliochemshwa, na maharage ayachemshe mpaka yatokote kabla ya kulala, ayafunike vema, na alfajiri ayachemshe tena mpaka yatokote. Yakiwa na harufu mbaya au povu, yamwagwe. Wali uliolala jikoni penye joto, afadhali uuache, kwa maana waweza kuwa na sumu isiyokufa hata ukiupasha moto. Ukiona shida hiyo yote, yai moja au mawili ya kuchemsha, kiazi kitamu na kipande cha papai havihitaji usiku wala friji. Yai moja lina kalori kama 75 tu, nalo hushibisha kuliko andazi lililo kubwa mara tatu.

Habari ya sukari lazima niiseme peke yake. Shirika la Afya la Ulimwengu, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri kwamba sukari ya kuongeza isizidi moja ya kumi ya nguvu yote ya chakula cha siku, na ni vema zaidi isizidi gramu kama 25, yaani vijiko sita vya chai vilivyo sawasawa. Mtu wa vikombe vitatu kwa siku, kila kikombe vijiko vitatu, amekwisha kula tisa, na bado hajanywa soda. Chupa ya soda ya mililita 350 yaweza kuwa na gramu zaidi ya 35 za sukari. Usikate yote kwa siku moja, utaichukia chai yako na utarudi nyuma. Punguza nusu kijiko kila juma. Ulimi hujifunza.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya niandike, nami nasema na wewe baba wa nyumba. Mama akiambiwa na daktari apunguze mwili, nyumba yote hudhani kuwa ni shauri lake peke yake. Lakini chakula cha jioni si chake. Apika kwa ajili yako, kwa saa yako, kwa mapenzi yako. Wewe warudi saa tatu usiku, wataka ugali mkubwa na mboga iliyoungwa kwa mafuta mengi, na wataka ale pamoja nawe, vinginevyo wauliza, "Mbona huli, umekasirika?" Asubuhi yai likiwa moja ni lako, na akipika mawili wauliza kwa nini fedha yaisha upesi. Je, atapunguza kitu gani na wapi? Wewe ndiwe mwenye ufunguo. Rudi mapema ukiweza, mle saa kumi na mbili au saa moja. Ukichelewa, mwache ale mapema na watoto, kisha akae nawe mezani kwa kikombe cha maji na mazungumzo. Yai la asubuhi liwe lake pia. Sufuria ya jioni ikipungua kidogo, usinung'unike. Kitambi chako nacho kitakushukuru.

Na sisi wengine tuache ulimi wetu. Mama anapoanza kupungua baada ya miezi mitatu ya taabu, twamlaki mlangoni mwa kanisa kwa kusema, "Umekwisha! Una nini? Mumeo hakulishi?" Wengine hunong'ona ugonjwa. Nimewajua watu walioacha shauri la daktari si kwa sababu ya njaa, bali kwa sababu ya maneno hayo. Waliogopa kuonekana wagonjwa, wakaugua kweli. Ukimwona mwenzako amepungua, mwulize kwa upole hali yake, na akisema anafuata shauri la daktari, mpe hongera. Msiba na arusi vilevile: mgeni akisema ameshiba, ameshiba. Usimjazie sahani kwa nguvu na kuita kitendo hicho upendo.

Labda mwingine atauliza habari ya siku ya Bwana. Wazee wetu wakumbuka walivyofunga tangu usiku wa manane bila hata tone la maji ili wapokee Komunyo. Baba Mtakatifu Pio wa Kumi na Mbili aliruhusu maji mwaka 1953, na mwaka 1957 akaufanya mfungo kuwa wa saa tatu. Mwaka 1964 Baba Mtakatifu Paulo wa Sita akaufanya saa moja kabla ya Komunyo. Maji na dawa havivunji mfungo huo, na wazee na wagonjwa, pamoja na wanaowauguza, hawafungwi na sheria hiyo. Kwa hiyo huna sababu ya kuja Misa ya saa tatu asubuhi na tumbo tupu tangu jana, ukatoka ukayavamia maandazi ya mlangoni kama nzige. Kula sahani yako alfajiri, uje ukae na moyo uliotulia. Na mgonjwa wa sukari asifunge kwa kuona haya, akaanguka katikati ya mahubiri.

Kabla hujaanza, sikia maonyo haya. Mtu atumiaye sindano au vidonge vya sukari asibadili saa wala kiasi cha chakula pasipo kumwuliza daktari wake, maana sukari yaweza kushuka ghafla ikamwangusha. Mama mjamzito na anayenyonyesha wasijipunguze kwa shauri la gazeti. Watoto wanaokua wasikondeshwe. Wao wale asubuhi washibe, waende shule. Na wewe ambaye huoni njaa asubuhi, kiuno chako ni chema na jioni yako ni ya kiasi, usijilazimishe. Hakuna amri ya kumi na moja inayosema, "Kula saa moja asubuhi."

Kwa wengine wote, nawapa kazi ya majuma manne.

Kwanza, jipime kiuno na uzito leo, uandike mahali pasipopotea.

Pili, toa fungu la asubuhi katika sufuria ya jioni kabla ya kupakua.

Tatu, kula asubuhi ushibe, uwepo mchuzi wa kunde, yai au maharage. Chai iwe na sukari iliyopungua.

Nne, mchana kula kwa kiasi chako cha kawaida, au kidogo chini yake.

Tano, jioni kula mapema, nusu ya ugali au wali uliozoea, mboga za majani nyingi, kisha ufunge jiko. Masazo ya watoto yawe ya kuku au ya mbwa, yasiwe yako.

Sita, tembea kwa miguu nusu saa kila siku, hata kama ni kwenda kumwamkia mgonjwa wa jumuiya yako.

Usitazamie kilo nane. Wale wa Israeli walipangiwa chakula kwa hesabu ya kalori, na wewe una mwiko na sufuria. Kilo moja au mbili kwa mwezi ni kazi njema, nazo hudumu kuliko zile zinazoondoka kwa juma moja la njaa. Mama yule wa gengeni ameanza majuma sita yaliyopita, naye mumewe amekubali kula saa moja jioni. Mizani ya zahanati imeshuka kilo mbili, na muuguzi amesema presha nayo imeanza kutii. Hajafika, lakini yumo njiani, na sasa anayo kampani nyumbani.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaongea habari ya chumvi. Kwa leo, weka fungu lako kando kabla hujapakua.

Wasalaam,
Karani wa Parokia